Sina akaunti ya LinkedIn. Ndiyo maana sipati kazi?

*"Shikamoo. Nina miaka 26, naishi Tanga mjini. Nilimaliza stashahada ya ununuzi na ugavi miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nimetuma maombi mengi, nimeitwa usaili mara mbili tu. Kwa sasa namsaidia mjomba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Rafiki yangu aliyepata kazi Dar ananiambia siku hizi bila LinkedIn hakuna anayekuona, na kwamba mwajiri akikutafuta asikukute anakuhesabu huna sifa. Nimekwenda stesheneri moja, kijana wa pale anataka 30,000 anifungulie na anipangie kila kitu. Sina kompyuta, natumia simu. Halafu baada ya kuweka namba yangu kwenye kundi la ajira la WhatsApp, kuna mtu kaniandikia kwamba jina langu limepita kazi ya ghala Qatar, nitume 85,000 ya kufungulia faili. Je, huo wasifu ni lazima? Na hiyo 30,000 nitoe?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: hiyo 85,000 usitume. Hukuomba kazi Qatar, sasa jina limepita wapi? Mwajiri hulipa mfanyakazi, halipwi naye, na anayetaka hela ya faili leo kesho atataka ya kipimo, keshokutwa ya viza. Namba yake iripoti kwenye 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, kisha mzuie. Kama siku moja utataka kweli kwenda kufanya kazi nje, nenda kwanza ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali, uulize wakala gani ana leseni, kabla hujamwonyesha mtu pasipoti.

Sasa swali lako lenyewe. Wasifu wa LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, si lazima. Lakini kwa fani uliyosomea, na kwa mji unaoishi kama ulivyo hivi sasa, unastahili mchana wako mmoja. Haustahili 30,000 yako.

Rafiki yako hakudanganya, ila amesimulia njia aliyopita yeye akadhani ndiyo njia ya wote. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili zaidi ya miaka kumi na tano, mingi yake hapa hapa Tanga, na sijawahi kumkata mtu kwa sababu hayumo mtandaoni. Asiyeonekana haonekani tu. Hakuna anayeandika pembeni ya jina lake kwamba hafai. Niliyewahi kumtilia shaka ni yule ambaye wasifu wake wa mtandaoni ulisema aliacha kazi mwaka mmoja na sivii aliyotuletea mkononi ikasema mwaka mwingine. Tulipomuuliza akababaika. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa mwongo: akaunti alifunguliwa na mtu zamani, akaisahau, na nenosiri hakuwa nalo. Wasifu mbovu unaweza kukuumiza kuliko kutokuwa nao kabisa, na hapo ndipo nitakapourudia ule mpango wa stesheneri.

Tuangalie kwanza nani anaajiri watu wa ugavi Tanga, na kila mmoja anawapataje.

Serikali na taasisi zake hazikutafuti LinkedIn. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hupita Sekretarieti ya Ajira, na maombi ni kwenye Ajira Portal. Kwa hiyo kama kuna wasifu wa mtandaoni ulio wa lazima kwako, ni huo. Uujaze mpaka mwisho hata kama leo hakuna tangazo linalokufaa, maana tangazo likitoka siku zinakimbia. Wengi huanguka hapo kwa mambo madogo ambayo hayana uhusiano wowote na akili zao: vyeti havijathibitishwa na mwanasheria, wamepakia karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe, au cheti kina majina mawili na kitambulisho cha NIDA kina matatu. Ukiwa na tatizo la majina, lishughulikie sasa. Usingoje mkeka wa walioitwa usaili utoke ndipo uanze kukimbilia kiapo cha majina.

Na kuna jambo ambalo hukulitaja, nami nashuku ndilo linalokukwamisha kuliko LinkedIn. Je, umesajiliwa na PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi? Kwa sheria ya nchi yetu fani yako ni ya kusajiliwa, kama uuguzi au uhandisi. Matangazo mengi yanaitaja bodi kwa mstari mmoja tu, na mwombaji anaupita mstari huo kama vile haupo. Sisi tulio ndani huanza nao. Maombi yakiwa mia mbili, njia nyepesi ya kuyapunguza ni kuuliza nani kasajiliwa. Ukiwa na 30,000 mkononi mwezi huu, ielekeze huko.

Waajiri wa pili ni wafanyabiashara wa hapa hapa: wenye maduka ya jumla, maghala, viwanda vidogo, mawakala wa forodha, wasafirishaji. Hawa hawajui LinkedIn na hawana haja nayo. Mwenye ghala Chumbageni akitaka mtu wa stoo, anamuuliza dereva wake, anamuuliza jirani wa duka la pili, anauliza kwenye kahawa baada ya swala ya alasiri. Mpaka jioni ana majina matatu. Vijana wanaliita koneksheni kwa uchungu, kana kwamba ni rushwa. Wakati mwingine ni rushwa kweli, na hiyo ni haramu, hatuipambi. Lakini mara nyingi ni mtu kuogopa kumkabidhi mgeni funguo za mali yake.

Kundi la tatu ndilo linalobadilisha hesabu. Tanga ya leo si ile ya meli kutia nanga mbali na matishari kubeba mzigo mpaka ufukweni. Bandari imechimbwa, gati zimefikia kina cha mita 13, meli zinafunga gatini. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Kazi za namna hiyo huleta kampuni, na kila kampuni huja na wakandarasi wake, na wakandarasi na watoa huduma wao. Sasa mfikirie ofisa rasilimali watu wa kampuni hiyo. Amekaa Dar, pengine Nairobi, pengine mbali zaidi. Ameambiwa atafute mtunza stoo anayeishi Tanga, kwa sababu kanuni zinamtaka atangulize Mtanzania na kwa sababu mtu wa karibu hahitaji kupangishiwa nyumba. Huyu hana dereva wa kumuuliza wala baraza la kukaa. Mgeni hana baraza, kwa hiyo anafungua LinkedIn. Yeye ndiye unayemwandikia, na karibu yeye peke yake.

Anatafutaje? Haya ndiyo ambayo vijana wengi hawaelezwi, na ukiyaelewa utajua nini cha kuandika. LinkedIn ilianza kutumika mwaka 2003, Microsoft wakainunua mwaka 2016, na sasa ina wanachama zaidi ya bilioni moja. Sehemu kubwa ya mapato yake haitoki kwako. Inatoka kwa waajiri wanaonunua uwezo wa kuchambua hao wanachama. Mwajiri anaandika cheo, anachagua mahali, anaongeza ujuzi mmoja au miwili, mashine inamletea orodha. Mashine haikujui wewe, inasoma maneno. Inatazama mstari ulio chini ya jina lako, vyeo ulivyoandika, orodha ya ujuzi, na mahali ulipojiandikisha.

Sasa fungua simu uangalie mistari ya wenzako chini ya majina yao. Wengi wameandika kwa Kiingereza kwamba wanatafuta kazi, au kwamba ni wachapakazi wenye ari. Niambie, nani anayetafuta mtunza stoo ataandika neno "ari" kwenye kisanduku cha kutafutia? Pale andika cheo cha fani yako, kwa Kiingereza, kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi, kisha ujuzi wako mkuu, kisha Tanga. Nasema Kiingereza si kwa sababu Kiswahili kina kasoro. Ni kwa sababu anayetafuta anachapa kwa Kiingereza. Na mahali weka Tanga. Usiandike Dar es Salaam ukidhani inapendeza zaidi: huyo mtu anatafuta wa Tanga, utakuwa umejificha mwenyewe.

Halafu sehemu ya kazi. Nina hakika hapo ulikuwa unataka kuacha wazi, kwa sababu kumsaidia mjomba unaona si kazi. Hebu tusimame hapo dukani kwa mjomba kidogo. Lori la saruji kutoka Pongwe linafika asubuhi. Nani anahesabu mifuko inaposhuka? Nani anatenga iliyopasuka, anaandika upungufu kwenye hati ya mzigo kabla ya kusaini, anamwambia dereva naye asaini? Nani anajua kwamba nondo za milimita 12 zimebaki kidogo na zinaisha haraka kuliko za 16, hivyo ziagizwe kabla ya Ijumaa? Nani anampigia msambazaji wa mabati kubishana bei? Nani anahesabu stoo mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja? Kama ni wewe, umefanya kazi ya ugavi kwa miaka mitatu, ila umeiita kusaidia.

Iandike hivyo, kwa mistari minne au mitano iliyo wazi: napokea na kuhakiki mizigo ya saruji, nondo na mabati, naandika upungufu na uharibifu kwenye hati za mzigo, natunza leja ya stoo yenye bidhaa kadhaa (hesabu ni ngapi, uweke namba ya kweli), naagiza upya bidhaa kabla hazijaisha, nafanya hesabu ya stoo kila mwezi. Usiongeze chumvi. Ukiandika kwamba umesimamia ununuzi wa mamilioni, mtu kama mimi atakuuliza zabuni ya mwisho uliipimaje, nawe utatazama dari.

Mistari hiyo hiyo, mwanangu, ndiyo itakayoingia kwenye sivii yako na kwenye Ajira Portal. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya zoezi zima: inakulazimisha useme unachokijua. Nimewaona watu wengi kwenye usaili ambao hawakukosa ujuzi, walikosa maneno ya kuutaja.

Kuhusu watu wa kuunganishwa nao, usikimbilie idadi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliobadilisha kazi katika kitongoji kimoja karibu na Boston. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengi walisema mara moja moja, au kwa nadra. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 katika miaka mitano, ukaonyesha jambo linalofanana: mtu unayemjua kijuujuu husaidia zaidi kwenye kazi kuliko wa karibu kabisa. Sababu yake hata bibi yangu angekueleza. Dada yako na rafiki yako wa ndani wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Dereva wa lori unayemwona Jumanne tu anazijua za kiwandani, za bandarini, za Muheza na za Korogwe.

Kwa hiyo watu wako wa kuanza nao wako kaunta. Fundi mkuu anayenunua vifaa vya mradi, wakala wa msambazaji wa rangi, mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi anayekuja na oda ya karatasi: hao wanajua kazi yako kwa macho. Mimi mwenyewe niliwahi kupata mtunza stoo mzuri sana kwa kumuuliza dereva wa mizigo ni ghala gani halimcheleweshi. Akalitaja bila kufikiri, pamoja na binti aliyekuwa akipokea mzigo pale. Ningemtafuta yule binti mtandaoni nisingemwona. Baadaye tulipopeleka jina lake makao makuu, wao ndio waliouliza wasifu wake. Unaona mambo yalivyofuatana: mtu alimtaja kwanza, mtandao ukathibitisha.

Wenye LinkedIn kati ya hao, waombe muunganike. Waongeze na mliosoma nao na walimu wako wa chuo. Ukimwandikia usiyemjua, jitambulishe kwa mistari miwili na uulize jambo moja linalojibika, kwa mfano kwenye stoo yao wanatumia programu gani. Usianze na "naomba kazi". Hana kazi ya kukupa mfukoni, atanyamaza tu, nawe utasononeka bure.

Sasa ile 30,000. Kinachonitisha si bei. Kijana wa stesheneri atafungua akaunti kwa barua pepe anayoijua yeye, pengine kwa namba yake, atachagua nenosiri yeye, na atanakili maneno yale yale aliyowabandikia wateja kumi waliokutangulia. Mwajiri akikuandikia ujumbe utaingia kwenye barua pepe usiyoifungua. Baada ya miezi sita duka limehama, wewe umebaki na jina lako mtandaoni usiloweza kulirekebisha. Ndiyo yaliyompata yule wa usaili niliyekusimulia. Kujiandikisha ni bure, na simu yako inatosha. Tumia barua pepe yako mwenyewe, yenye jina lako, nenosiri uliandike kwenye daftari la nyumbani. Ukitaka kumlipa mtu, mlipe mwenye Kiingereza kizuri akusomee mistari yako na kuisahihisha, huku simu iko mkononi mwako. LinkedIn nayo itakushawishi ulipie huduma yao ya juu. Achana nayo.

Picha: simama ukitazama dirisha au mlango wenye mwanga, nyuma yako ukuta mtupu, mtandio au shati safi, mtu akupige kuanzia mabegani. Suti ya kuazima si lazima, na ile ya harusini yenye maua nyuma iache.

Kuna mambo ambayo hayana kazi pale kabisa. Namba ya NIDA usiiweke. Tarehe kamili ya kuzaliwa na mtaa unaoishi, la. Picha ya cheti chako usiibandike hata kama umefurahi vipi, kwa sababu mtu anaweza kuichukua na kuitumia kwa jina lake. Ile fremu ya kijani inayotangaza kwamba unatafuta kazi haina dhambi, ila ujue kuna namna mbili za kutangaza: kila mtu aone, na hapo ndipo fremu hutokea, au wajue waajiri wanaotafuta tu, bila fremu. Kwa kuwa hujaajiriwa rasmi, chagua unayoitaka. Aliye kazini afikiri mara mbili.

Na matapeli wa Qatar wamo LinkedIn pia, tena wamevaa tai. Mtu akikupa kazi usiyoomba, gusa jina lake uangalie amejiunga lini. Akaunti ya mwezi uliopita yenye cheo kikubwa na picha nzuri ni ya kutilia shaka. Barua pepe isiyo ya kampuni, haraka ya kuhamia WhatsApp, na hela ya aina yoyote, hata ya "kipimo cha afya", vikikutana, funga mazungumzo.

Matarajio yako yawe ya kiasi. Ukiufanya vizuri, pengine miezi itapita bila ujumbe wowote, na hiyo haina maana kwamba umekosea. Tenga dakika ishirini kwa wiki, si zaidi. Muda mwingine uende kwenye bodi, kwenye portal na kwa watu. Kijana anayeshinda mtandaoni kutwa nzima akipenda mabandiko ya wakurugenzi hajatafuta kazi siku hiyo, amemaliza bando.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyatengeneza kwa maandishi. Kama ulishaitwa mara mbili na mara zote ukaishia kwenye usaili, tatizo haliko kwenye kuonekana, liko ndani ya chumba cha usaili. Hapo tafuta mtu akufanyie usaili wa mazoezi uso kwa uso: mwalimu wako wa chuo, au maofisa wa TaESA, ambao hutoa mafunzo kwa watafuta kazi. Suala la usajili lipeleke bodi wenyewe, uende na vyeti vyako halisi. Na kama kuna hela ulishamtumia mtu kabla ya kuniandikia, usione haya, nenda polisi leo ukiwa na namba yake na ujumbe wa muamala.

Limebaki moja, na hili lifanye kabla hujagusa simu. Kaa na mjomba. Mwambie unataka kuliandika duka lake kama mahali pako pa kazi, umsomee ile mistari mitano, umwombe akubali kuwa mdhamini wako. Mkubaliane na cheo, kwa sababu mwajiri akimpigia akauliza "huyu alikuwa nani kwenu?", naye akajibu "ah, huyo ni mtoto wa dada yangu tu, ananisaidia saidia", miaka yako mitatu itakuwa imekwisha kwenye simu hiyo.